Lottie Mwingine

Alizaliwa akaitwa Leokadia Wrona, lakini tangu alipofikisha miaka kumi na saba hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama yake. Watu wa majukwaani walimjua kama Lottie Vane, yule mdogo katika Dada Vane. Yule mkubwa alikuwa Dot Vane, ambaye kwao aliitwa Delphine Thibodeau. Hawakuwa dada hata kidogo. Mmoja alikuwa binti wa Wapolandi, mwingine wa Wafaransa wa Kanada, na walikutana Holyoke katika kiwanda cha karatasi, kwenye chumba cha matambara, ambako wasichana walisimama kutwa wakichana nguo kuukuu na kung'oa vifungo huku vumbi likiwajaa kooni.

Dot alikuwa mrefu, mkavu wa uso, na alikuwa na sauti nzuri. Lottie alikuwa mfupi na hakujua kutulia. Dot aliimba ili usingizi usimchukue. Lottie alimwigiza msimamizi kwa nyuma, tumbo mbele, kidole puani, mpaka wenzake wakashika mbavu. Siku moja msimamizi aligeuka ghafla. Lottie akafukuzwa papo hapo, na Dot, ambaye hakuna aliyemgusa, akavua aproni yake akaitupa juu ya meza.

"Wewe ulikuwa na haja gani ya kujiponza?" Lottie alimuuliza walipofika barabarani.

"Ningebaki na nani mle ndani? Na vifungo?"

Ndivyo walivyoingia katika maisha ya vodevili, yale maonyesho ya mchanganyiko ambamo mwimbaji anampisha mbwa, mbwa anampisha mcheza visu, na mcheza visu anampisha mhubiri bandia mlevi. Walianzia kumbi za mitaa ya viwandani, siku tatu mji huu, siku tatu mji ule, na Jumapili kwenye treni. Walilala kitanda kimoja katika nyumba za wapangaji, wakakaanga soseji kwa siri juu ya taa ya gesi huku wakipepea gazeti dirishani ili mwenye nyumba asinuse. Mmoja akiugua, mwingine alimshonea, alimfulia, na alimdanganya meneja kwa niaba yake.

Onyesho lao lilikuwa rahisi. Dot, dada mkali, anaimba wimbo wa huzuni. Lottie, dada mdogo asiyeona vizuri, anatafuta miwani yake. Anaitafuta chini ya zulia, ndani ya piano, kisha anapanda viti vitatu vilivyopandanishwa, na pale juu kabisa anaikuta miwani iko kwenye pua yake. Kwa mshangao anaanguka chali, mzima mzima kama gogo. Dot, bila kugeuza uso wala kukatisha wimbo, ananyoosha mkono mmoja na kumdaka kwa mkanda, kichwa kikiwa karibu kugusa sakafu. Anguko hilo Lottie ndiye aliyelibuni. Walilifanyia mazoezi wiki nyingi juu ya godoro, na siri yake ilikuwa moja tu: anayeanguka asijikaze hata kidogo. Akijikaza, mkono wa anayedaka unateguka. Kwa hiyo Lottie alifumba macho, akajiachia, na kila siku mkono wa Dot ulikuwepo.

Mwaka 1911 ndipo Emmet Goodhue alipoingia. Alikuwa mpanda baiskeli wa jukwaani, "Profesa Goodhue", mwenye uwezo wa kuendesha gurudumu moja juu ya meza huku akinywa chai. Alikuwa mpole, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, na alichekeshwa na Lottie hata nje ya jukwaa, jambo ambalo wanaume wengi hawakulijua. Kule Erie, katika mkahawa mbele ya stesheni, alimvisha pete. Lottie alikimbia ngazi zote kwenda kumwambia Dot. Dot alikaa kitandani, akalia, akacheka, kisha akasema:

"Na mimi je?"

"Wewe vipi? Si tutasafiri wote watatu! Emmet anaweza kupangwa mji mmoja na sisi."

"Mwanamume akioa hataki mke wake aangushwe kila siku mbele za watu, shoga."

"Emmet siyo hivyo."

 Dot alimsuka nywele usiku ule, akamsuka vizuri kuliko kawaida.

Msiba ulitokea Toledo, mwezi wa Novemba. Kabla yao palikuwa na wanyama wa bahari watatu, sili, waliofundishwa kupiga tarumbeta, na walipotoka waliacha sakafu imelowa. Mfagiaji alipitisha tambara mara moja tu. Lottie alipanda viti, kiti cha chini kikateleza, akaanguka kabla ya wakati, upande ambao Dot hakuwepo. Watu walicheka sana. Goti lake likatoa mlio ambao hata mpiga ngoma aliusikia.

Daktari alisema asikanyage chini majira yote ya baridi. Emmet akatoa wazo: akakae Utica kwa dada yake, Augusta, mpaka apone. Dot akasema atarudi Holyoke kwa mama yake kumsubiri. Walimpakia kwenye treni, mmoja kashika begi, mwingine kashika mkongojo, na Dot alisimama akipunga kitambaa mpaka stesheni ikapotea.

Augusta Goodhue alikuwa Mmethodisti asiyeolewa, aliyeamini kwamba jukwaa ni varanda ya jehanamu. Hata hivyo alimtunza mgonjwa. Alimkanda goti kwa maji moto, akampikia viazi, akamsomea Biblia bila kumwuliza kama anataka. Emmet alikuja Jumapili alipoweza, na kila alipokuja habari zilikuwa zile zile.

"Biashara imelala, mpenzi. Kumbi nusu tupu. Bora wewe umepumzika."

"Na Dot? Ana hali gani?"

"Yuko kwao. Anakusalimu sana. Amekutumia hizi."

Zilikuwa soksi za hariri, jozi nzuri ambayo Dot asingeinunua hata kwa ajili yake mwenyewe. Lottie alizibusu. Alishangaa kidogo mtu asiye na kazi amepata wapi soksi kama zile, lakini aliona ni upendo, akaziweka chini ya mto.

Mwezi Machi goti lilikubali. Siku moja alienda taratibu mpaka ukumbi wa Utica, akaingia mlango wa nyuma ili tu anuse rangi na jasho. Kwenye korido alikutana na Mama Zelenka, mwanamke mnene wa Bohemia aliyezunguka nchi nzima na mbwa wake saba wenye manyoya. Mama Zelenka alimkumbatia, kisha akamsukuma mbali.

"Na leo unanisalimu! Albany ulinipita kama mti!"

"Albany lini, mama?"

"Si wiki iliyopita! Nilikuwa nimesimama pembeni mwa jukwaa, nikakuita, Lottie, Lottie, mwanangu, wala hukugeuka. Nikasema, haya, watoto wakipanda juu wanatusahau."

"Mimi niko Utica tangu Novemba. Nilivunjika goti."

Mama Zelenka alimtazama mguu. Kisha aliinama, akaanza kufungua na kufunga mkanda wa mbwa ambaye mkanda wake haukuwa na tatizo lolote.

"Mama. Nani alikuwa Albany?"

"Mimi naona kwa shida siku hizi. Ile taa ya jukwaani..."

"Mama Zelenka."

"Dada Vane walikuwa Albany," alisema yule mama bila kuinua kichwa. "Wa nne katika ratiba. Wamechukuliwa na zile kumbi kubwa, mwaka mzima. Sasa wako Syracuse. Nilidhani ni wewe, mwanangu. Gauni ni lile lile."

Lottie aliuliza jambo moja zaidi, na hata alipokuwa akiliuliza alitamani asijibiwe.

"Emmet naye yuko katika ratiba hiyo?"

"Ndiye anayefunga onyesho. Tangu Krismasi."

Kesho yake alimwambia Augusta anakwenda kununua uzi, akapanda treni ya Syracuse. Alikata tiketi ya roshani ya juu kabisa, onyesho la mchana, akakaa kati ya wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi na mwanamume aliyekuwa akila karanga. Alijiambia kwamba Mama Zelenka amezeeka. Alijiambia hivyo mpaka bendi ilipoanza wimbo wao.

Dot alitoka kwanza, mrefu, amenyooka, katika gauni jipya la rangi ya zambarau. Nyuma yake akatoka msichana wa miaka kumi na minane hivi, nywele za manjano, shavu la mtoto, akipapasa hewa kwa mikono. Alivaa gauni la Lottie. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kiraka ambacho Lottie alikishona mwenyewe kule Scranton, na hata kutoka roshani alikiona.

Msichana alipapasa zulia. Alifungua piano. Alipanda viti, na mguu wake wa kulia ulikanyaga vibaya. Lottie aliona kosa na akajikuta amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Halafu msichana akagusa miwani puani mwake, akaanguka. Mkono wa Dot ukatoka bila uso kugeuka, ukamdaka.

Ukumbi ulilipuka. Mtu wa karanga alimgusa Lottie bega, machozi yakimtoka. "Huyu mdogo ataniua! Umemwona? Ataniua huyu!"

"Nimemwona," alisema Lottie.

Wakati anashuka ngazi alikuwa akijiuliza kitu cha ajabu: kama watu walikuwa wakimcheka yeye hivyo, au kidogo chini ya hivyo.

Kwenye mlango wa nyuma alikaa bawabu mwenye gazeti.

"Jina?"

"Lottie Vane."

Mzee akamtazama toka kofia mpaka viatu. "Lottie Vane yuko ndani, bibi. Tafuta jingine."

"Basi mwambie Dot kwamba Leokadia amekuja."

Alisubiri kidogo, kisha mlango ukafunguka. Katika chumba cha kuvalia Dot alikuwa amesimama, nusu ya uso imefutwa rangi, nusu bado nyekundu. Yule msichana alikaa kwenye kasha, akivua viatu.

"Umeanza kutembea," alisema Dot.

"Ndiyo. Mama yako hajambo? Kule Holyoke?"

Dot alikaa. "Lottie, nisikilize kwanza. Wakala wa New York alitupigia simu ile wiki ya Toledo. Kumbi kubwa, mwaka mzima. Alitaka jibu kabla ya Jumamosi. Wewe ulikuwa huwezi hata kusimama. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia yeye chochote. Mimi ndiye ungeniambia ukweli."

"Ungelia. Ungesema utapona wiki ijayo, na mimi ningekuamini, kama kawaida, na tungekosa. Miaka yote tumekula soseji za kujificha, Lottie. Halafu wewe ulikuwa unaondoka. Emmet alisema ukishaolewa hupandi tena jukwaani."

"Emmet alisema?"

Yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Irma, alikuwa akimtazama mmoja na mwingine mdomo wazi. 

"Lakini Miss Dot," alisema, "wewe uliniambia alishafariki."

Lottie aligeuka kumtazama Dot.

"Ilikuwa rahisi kueleza," Dot alisema kwa sauti ndogo.

Hapo mlango ulifunguka, Emmet akaingia akiwa bado amebana suruali kwa vibanio vya baiskeli. Alipomwona Lottie alipiga hatua kwenda kwake, akasita, akabaki katikati ya chumba.

"Nilikuwa nikwambie Pasaka," alisema. "Nilitaka goti lipone kwanza. Nilifanya kwa faida yako, mpenzi. Hiyo siyo kazi ya kufanya mke wa mtu, kuanguka anguka. Siku ile Toledo nilipokusikia umevunjika, nilisema basi, yatosha."

"Ulisema na nani?"

Emmet akamtazama Dot. Dot akatazama kioo.

"Mimi niko hospitali," Lottie alisema taratibu, "nanyi mkakaa mahali mkanigawana. Mmoja achukue jina, mwingine achukue mtu. Mlikaa wapi?"

"Lottie..."

"Nauliza mlikaa wapi."

"Mkahawani kwa Mchina," alisema Dot. "Karibu na hospitali."

"Mlikula nini?"

Lilikuwa swali la kipumbavu, na mwenyewe alilijua. Lakini alitaka kulijua kuliko mengine yote.

"Tambi," alisema Dot. "Tambi na kuku." Na hapo ndipo Dot alipoanza kulia.

Lottie hakulia. Alijaribu kuvua pete, ikagoma. Miezi ya kukaa na viazi vya Augusta ilikuwa imemnenepesha vidole. Alichota mafuta ya kufutia rangi kwenye kopo la Dot, akajipaka, akazungusha mpaka ikatoka, akaiweka mezani ikiwa imejaa mafuta. Emmet alisema maneno mengi. Alisema anampenda, na pengine ilikuwa kweli. Irma peke yake ndiye aliyemfuata mpaka korido, akilia, akitaka kumrudishia gauni.

"Baki nalo," Lottie alimwambia. "Mguu wako wa kulia, kanyaga katikati ya kiti. Usipokanyaga katikati siku moja utavunjika."

Kwa Augusta alieleza kila kitu, akitegemea kusikia kwamba ndiyo malipo ya jukwaa. Augusta alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaliburuta sanduku la Lottie kutoka darini kwa mikono yake mwenyewe.

"Mdogo wangu amekaa kwenye meza hii Jumapili zote hizo," alisema, "akala chakula changu huku akisema uongo. Nami nikamwombea baraka!" Alimfungia mkate na jibini, akampeleka stesheni, na kabla treni haijaondoka alimwambia kwa ukali: "Usimrudie."

Lottie alijaribu peke yake. Alipata nafasi ya kwanza kabisa katika ratiba kule Elmira, saa ambayo watu bado wanatafuta viti na kuvua makoti. Kuanguka bila wa kukudaka hakuchekeshi. Watu wanaona mwanamke ameumia. Baada ya onyesho la kwanza meneja alimletea picha zake zilizokuwa zimebandikwa mlangoni, akamkabidhi. Katika kazi ile, ukirudishiwa picha umefukuzwa. Akarudi Holyoke, chumba cha matambara, meza ile ile.

Mwezi Julai Dot alisimama jikoni kwa akina Wrona, kofia mkononi. Mama yake Lottie, aliyekuwa akichemsha supu ya kabichi, alimtambua, akaweka mwiko chini, akatoka nje bila salamu.

"Irma ameolewa na mpiga ngoma," alisema Dot. "Ana mimba. Mkataba bado una miezi."

"Tafuta msichana mwingine. Waambie wote mimi ni marehemu."

"Nimejaribu wawili. Hawawezi. Wanajikaza." Dot alizungusha kofia mkononi. "Nimekuja kukuomba, Lottie. Siombi msamaha, najua siwezi kuupata. Nakuomba urudi kazini."

Lottie alitazama mikono yake, kucha zilizojaa vumbi la pamba. Angeweza kumfukuza, na kwa siku nyingi alikuwa amelala akipanga maneno ya kumfukuzia. Lakini alikuwa hajui kazi nyingine, na aliyakosa majukwaa mpaka mwili ulimuuma.

"Mikataba nasaini mimi," alisema hatimaye. "Wakala anaongea na mimi. Chumba changu, chumba chako. Nje ya jukwaa huna neno na mimi isipokuwa la kazi. Na usiniite shoga."

"Nikuite nani?"

"Miss Wrona."

Walianza tena Worcester. Lottie alipanda viti, akagusa miwani, na hapo juu mwili wake ukakataa. Hakufumba macho. Alianguka akiwa ameyatumbua, amekaza shingo, mikono ikitafuta kitu hewani, na mkono wa Dot ulimdaka kwa shida, bega likalia. Watu wakacheka kuliko Syracuse. Waliona ni ufundi mpya, ile hofu usoni. Gazeti la mji liliandika kwamba Vane mdogo amekomaa. Lottie alilisoma akalikunja, akalifungia viatu.

Wakaendelea hivyo miaka mingi, na walipanda mpaka wakafika nafasi ya pili kutoka mwisho, nafasi ambayo kila msanii anaililia. Walisafiri mabehewa tofauti. Kila mwaka siku ya kuzaliwa ya Lottie, Dot aliacha keki mlangoni pake, na kila mwaka Lottie aliila, kisha akasema, "Asante, Miss Thibodeau," kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko tusi. Mara moja, kule Buffalo, Dot alimshika mkono nyuma ya pazia.

"Nimekudaka kila siku tangu siku ile. Sijakuangusha hata mara moja. Hiyo haihesabiki?"

"Inahesabika," Lottie alisema. "Ndiyo maana nakulipa nusu."

Baadaye chumbani alijilaumu kwa jibu lile. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akafikiria kwenda kugonga mlango wa pili, hatua chache tu kwenye korido. Aliinuka mpaka akashika kitasa. Kisha akaiona ile meza ya chakula kwa Mchina, wawili wakiinamiana juu ya tambi huku yeye amelala na goti limefungwa, na akarudi kukaa. Aliwahi kusema kwamba Emmet alimuuma mwaka mmoja, akaisha. Mwanamume yule alioa Rochester, akafungua duka la baiskeli, na Lottie alipopita siku moja mbele ya duka hata hakupunguza mwendo. Dot hakuisha.

Filamu zenye sauti zilipokuja, kumbi zikaondoa piano na kuweka mashine. Dada Vane walimaliza katika mji mdogo wa Pennsylvania mbele ya watu wanaosubiri sinema ianze. Dot alihamia Woonsocket kwa kaka yake. Lottie alipata kazi ya kukata tiketi katika sinema ya Holyoke, akaishi na mama yake mpaka alipomzika.

Habari za kifo cha Dot zililetwa na mpwa wake, kijana mwenye adabu aliyemkuta dirishani pa tiketi. Lottie alienda. Misa ilikuwa ya Kifaransa, na yeye alisimama nyuma, karibu na mlango. Baada ya maziko mwanamke mmoja wa ukoo wa Thibodeau alimkaribia, akamwuliza kwa upole yeye ni nani kwa marehemu.

"Tulifanya kazi pamoja," alisema Lottie.

"Wewe ndiye Lottie? Yesu wangu! Alituambia wewe ni dada yake. Alikutaja mpaka mwisho."

"Alikuwa na sauti nzuri," Lottie alijibu.

Walimkaribisha nyumbani kwa chakula, akasema ana zamu. Kwenye treni alikaa upande wa dirisha, akatoa kitambaa mfukoni akakishika tayari kwa machozi. Alikishika mpaka Springfield, ambako alibadili treni. Jioni ile alifungua dirisha la tiketi kwa wakati, na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimlaumu kwamba chenji yake imepungua.